Beji Mfukoni

Jumatatu asubuhi, nikiwa naelekea ofisini katikati ya jiji, nilipigiwa simu nikaambiwa kwamba mama aliyenifundisha kazi yangu ya kwanza ameaga dunia. Wasomaji wangu wengi hawajui kwamba kabla ya kuwachosha na safu hii ya gazeti nilikuwa mhudumu wa watoto na familia, tena mhudumu mbovu. Yeye aliwafundisha wahudumu wa mitaani kule mtaani Satellite, katika ukumbi wa kanisa wenye viti vya plastiki, hadi wiki yake ya mwisho. Mwezi uliopita alinipigia. "Kuja uambie wasichana wangu vile ulifukuzwa mlangoni. Mimi wamenizoea. Wewe watakucheka, na hawatasahau." Nikamwambia wiki ijayo. Nilimwambia hivyo mara tatu, na sasa namlilia kwa aibu.

Siku niliyofukuzwa tulikuwa tumekwenda kwa mama mmoja ambaye bintiye alikuwa ameacha shule. Langoni mwa ploti mwalimu wangu alivua beji yake, akaitia mkobani. Mimi yangu niliipenda mno. Niliingia nayo kifua mbele, nikasimama mlangoni na kuuliza kwa sauti ya serikali, "Mbona mtoto hayuko shule?" Wanawake waliokuwa wakifua uani wakafunga mfereji ili wasikie vizuri. Mama wa watu akafunga mlango. Mwalimu hakunigombeza. Aligeuza ndoo, akakaa, akaanza kuambua minji, yaani njegere, pamoja na jirani mmoja, wakipiga soga. Baada ya saa nzima mlango ulifunguka. "Mama, ingia basi. Lakini huyo wa maswali abaki hapo nje."

Nikabaki. Huko ndani ilijulikana kwamba msichana alikuwa akimwangalia mdogo wake mchana kutwa, mama akienda kufua nguo za watu kwa matajiri wa Kitisuru. Yule jirani wa minji akakubali kukaa na mtoto, msichana akarudi darasani, na muda si mrefu jirani mwenyewe alikuwa ukumbini akijifunza kazi ya kulea. Njiani nilimwuliza mwalimu kwa nini hakuniambia niivue beji pale langoni. "Ningekuambia, ungesema sawa tu, alafu kesho uivae tena."

Siku hizi mafunzo hufanywa kwa simu, siku mbili, cheti kinaingia na beji inatolewa. Sibezi, kwa kuwa familia ni nyingi na wahudumu ni wachache. Ila najiuliza ni nani atakayekaa kwenye ndoo na mhudumu mpya mpaka mlango ufunguke. Namkosa sana mama huyu. Nakosa hata kunyamaza kwake.

Alhamisi niliondoka kazini mapema nikaenda Satellite. Niliogopa kukuta ukumbi umefungwa, lakini jirani wa minji, mvi kichwani sasa, alikuwa mbele akifundisha. Kabla sijasalimia, msichana wa mstari wa kwanza akanitazama shingoni, ilikoning'inia beji yangu ya ofisini. "Karibu, uncle. Lakini hiyo beji weka kwa mfuko kwanza, alafu ukae."

Nikaivua, nikakaa, nikawasimulia nilivyofukuzwa. Walicheka mpaka machozi. Aliyekufundisha akikuita, nenda wiki hiyo hiyo, kwa sababu kati ya vicheko vile, cha mwalimu wangu, nilichotamani zaidi kukisikia, hakikuwamo.