Dera la Mama Mkwe Juu ya Mlingoti

Jamani, hili jambo nilikuwa nimeapa kwenda nalo kaburini, lakini kwa vile Garsen nzima inalijua, na Minjila wanalijua, na juzi nimesikia hata Tarasaa wanalisimulia wakiwa wameshaongeza chumvi (eti nilizimia, uongo mtupu, nilikaa chini tu), nimeona bora niliseme mwenyewe kwa mdomo wangu, mnicheke mara moja yaishe. Mpaka leo nikipita sokoni kina mama wananipungia mikono yote miwili, hivi, juu chini, juu chini, kisha wanashikana mabega kwa kicheko. Sababu yenyewe ndiyo hii.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na barabara ya Malindi, lakini watu hawaniiti fundi, wananiita Rubani, na sijawahi kupanda ndege hata ya kuchora. Ugonjwa wangu ni ndege, hasa za zamani. Wenzangu simu zao zimejaa picha za mpira, yangu imejaa picha za Dakota, ile ndege ya injini mbili iliyobeba wanajeshi vitani wakati babu yangu bado mtoto wa kufukuza ndege shambani (wale wenye manyoya), vita vikaisha, yenyewe ikakataa kustaafu, ikaanza kubeba magunia ya mahindi na wagonjwa, na mpaka leo ziko chache zinazoruka. Ikiwa chini hukaa kwa mkia, pua juu, kama mzee aliyekalia kiti cha uvivu akingoja kahawa. Nikishaanza kuieleza, mteja anaweza kuondoka, akaenda Hola, akarudi, akanikuta bado niko kwenye magurudumu.

Na siasa je? Kila habari mimi naipima kwa ndege. Wakisema vita vya siku hizi vinapiganwa kwa vidude visivyo na mtu ndani, nawaambia hiyo ni aibu ya dunia, mtu anaangusha bomu huku amekaa ofisini anakoroga chai, zamani angalau rubani alikuwa anaogopa na yeye. Wakizungumza uchaguzi, nawauliza, mafuriko yalipotukatia barabara mliona helikopta ngapi? Na kampeni zikianza mnaona ngapi? Helikopta ya mwanasiasa inakuja na vumbi na inaondoka na vumbi, Dakota inakuja na gunia! (Hapo huwa napigiwa makofi, nami napenda makofi, hiyo ndiyo shida yangu kubwa maishani.)

Sasa, kiwanja chetu cha ndege kilihitaji mwangalizi, mtu wa kufukia mashimo, kuwaomba wafugaji waondoe ng'ombe ndege ikija, na kusimama pale kama mwenye nyumba. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote tangu nimtake mke wangu. Habari ikaja kwamba madaktari wa macho wanakuja kutibu wazee wetu, na ndege itakayowaleta ni (nilikalia sindano niliposikia, kweli kabisa) Dakota! Afisa mmoja kutoka Hola akanipigia simu.

“Bwana fundi, tayarisha kiwanja. Ndege ikitua vizuri, kamati itakaa hapo hapo iamue kama kazi ni yako.”

Kamati yenyewe ilikuwa ya watu watatu: huyo afisa, Mzee Guyo ambaye ng'ombe wake ndio wanaokula nyasi za kiwanjani, na mwenyekiti wa kikundi cha kina mama. Na mwenyekiti huyo, ndugu zangu, ni mama mkwe wangu.

Lazima niwaeleze vizuri hapa. Kwetu mama mkwe si mtu wa kuchezea. Nikimwona anakuja njiani naingia majanini nimpishe. Sili mbele yake, simtaji jina, na kwa miaka kumi na moja ya ndoa tulikuwa hatujawahi kusemezana moja kwa moja, maneno yote yanapitia kwa mke wangu Zawadi, hata tukiwa sote watatu chini ya paa moja. (“Mwambie mumeo mvua inakuja.” “Mwambie mama nimeiona.”) Na ufundi wangu wote huu, sijawahi kumzungushia futi ya kupimia. Zawadi humpima huko kwao akaniletea vipimo kwenye karatasi, nami hata ile karatasi naisoma nimeinamisha macho.

Wiki nzima nilichapa kazi, nikafukia mashimo, nikapaka mawe ya pembeni chokaa, nikaenda kuongea na Mzee Guyo.

“Rubani, ng'ombe yangu natoa,” akaniambia. “Lakini ndege yako ikichelewa, ng'ombe inarudi. Tumbo yake haijui saa.”

Siku yenyewe ndege ilitarajiwa saa nne asubuhi, na saa mbili mimi niko barazani kwangu nimezungukwa na watu, nimenyoosha mikono kama mabawa, nawaeleza Dakota inavyoruka, wengine wananiuliza, nawajibu, makofi yanalia, ndipo afisa akapiga simu kuuliza, “Na soksi ya upepo umeweka?”

Moyo ulidondoka mpaka kwenye champali za miguuni. Soksi ya upepo ni lile fuko refu la kitambaa linalofungwa juu ya mlingoti ili rubani aone upepo unatoka wapi, maana ndege hutua ikiukabili upepo, na mimi ndiye niliyewafundisha watu wa Garsen jambo hilo, hata mama wa mahamri analijua, na mimi mwalimu wao nimelisahau! Ile ya zamani ilishaoza ikaisha.

“Iko tayari, Bwana Afisa,” nikasema.

Nikaingia ndani mbio. Kwenye kibanda changu kuna sanduku la bati la nguo zilizosahauliwa, zile za wateja walioleta wakapotea wasionekane tena. Juu ya sanduku nikaona mfuko, na ndani yake dera la rangi ya chungwa, jipya, pana kama hema. Na soksi ya upepo hutakiwa iwe rangi hiyo hiyo! Nikasema huyu aliyelisahau Mungu ambariki. Ningeweza kumpigia Zawadi nimuulize limetoka wapi, simu ya nusu dakika tu. Sikupiga.

Na dera, wacha niwaambie kama fundi, limeumbwa kuwa soksi ya upepo. Pindo la chini ni pana, hapo nikatia rimu ya baiskeli nikaizungushia mshono, ukawa mdomo wa kuingizia upepo. Shingo ni nyembamba, ikawa mkia wa kuutolea. Mikono nilitaka kuikata, lakini saa ilikuwa inakimbia, nikasema basi, mikono haina madhara.

Kufika kiwanjani watu wamejaa, wazee wa kutibiwa macho wamepangwa kwenye mikeka, ng'ombe wa Mzee Guyo wameshasogezwa kando. Nikalipandisha dera kwenye mlingoti kwa kamba na kapi, nikafunga fundo la nguvu. Upepo haukuwepo, likaning'inia tu kama tambara lililoanikwa. Nikasimama chini yake kifua mbele, nikamsalimia afisa kwa mkono kama mtu ambaye mshahara umeshaingia.

Kisha kikundi cha kina mama kikatokea kikiimba. Wote sare, dera la rangi ya chungwa. Nikatazama. Nikatazama tena. Mmoja tu ndiye hakuwa na sare, wa mbele kabisa, amevaa kitenge cha shambani na uso ameukunja, na huyo alikuwa mama mkwe. Nikajipenyeza nyuma ya watu kumpisha, kama desturi, na huko nyuma nikakutana na Zawadi anahema.

“Baba Dhadho, nimetoka kibandani umefunga. Dera la mama liko wapi?”

“Dera gani?”

“La sare! Si nililiacha asubuhi juu ya sanduku ulipunguze pindo? Nilikuambia, ukaniitikia!”

(Kuitikia niliitikia, lakini wakati huo nilikuwa nimefika kwenye injini ya kushoto.)

Macho yangu yalipanda yenyewe juu ya mlingoti, yake yakafuata, na nikaona mkono wake unaenda polepole mdomoni.

“Komora,” akasema, na mke wangu akiniita jina langu ujue mambo yameharibika, “kile ni nini?”

Nikaikimbilia kamba. Nikavuta, fundo limekwama kwenye kapi. Nikavuta tena nikaning'inia na kamba miguu ikiwa juu, haishuki. Ndipo nikausikia mngurumo, ule mzito wa chini chini ninaousikiliza kwenye simu kila siku mpaka Zawadi anatishia kuiuza simu yangu, na wakati huo huo upepo nao ukaja, wote kwa pamoja.

Dera likajaa. Likajaa kiuno, likajaa kifua, mikono yote miwili ikachomoka ikaanza kupiga hewa, juu chini, juu chini, na pale juu ya Garsen kukawa na mama mnene asiye na kichwa anaogelea angani kwa raha zake, na tarizi za dhahabu shingoni zinameremeta, zile zile zilizokuwa kwenye shingo za kina mama wote waliosimama chini. Wimbo ukakatika. Kina mama wakatazama juu, wakajitazama wenyewe, wakamtazama mwenyekiti wao na kitenge chake, na jibu likawajia wote mara moja.

“Mwenyekiti anapaa!” mmoja akapiga kelele, na uwanja ukalipuka. Watu walilala chini kwa kucheka. Wazee wa macho wakawa wanavutana nguo wakiuliza ni nini, ni nini, na wakishaelezwa wanacheka kuliko wanaoona. Mama mkwe hakucheka. Mzee Guyo akaja akasimama kando yangu, akaegemea fimbo, akatazama juu muda mrefu.

“Rubani,” akasema, “hii nguo imefukuza ng'ombe yangu vizuri kuliko mimi. Iko karibu Minjila sasa.”

Nami? Dakota niliyoingoja maisha yangu yote ilipita juu ya kichwa changu ikimetameta, na mimi nilikuwa nimekaa chini, nimejificha nyuma ya tangi la maji! Niliichungulia kwa jicho moja. Ilishuka kutoka upande wa mto, ikakaribia kabisa kugusa ardhi, kisha injini zikanguruma, ikainua pua, ikazunguka, ikaja kwa upande wa pili na kutua laini. Nililia kidogo, nakiri, na sijui nilikuwa nalilia ndege au nalilia kazi.

Rubani wa ndege akashuka, mwanamke mrefu wa makamo, akasalimia watu, kisha akauliza kwa sauti, “Aliyetengeneza ile soksi ni nani?”

Vidole vyote vya Garsen vikaelekea kwenye tangi la maji. Nikatoka.

“Nilikuwa nashuka upepo ukinisukuma mgongoni,” akasema, “sikujua umegeuka. Viwanja vingine soksi zao huzioni mpaka umeshatua. Yako niliiona kutoka mbali, inanipungia mikono nirudi. Asante sana, fundi.”

Akaniongoza mpaka kwenye bawa, akaniambia gusa. Mimi niliyeisema ndege hiyo miaka na miaka mpaka wateja wakanikimbia, niliweka kiganja kwenye lile bati lenye joto, na neno nililopata ni moja tu. “Kubwa,” nikasema.

Kisha kamati ikakaa, viti vitatu, watu wote wamezunguka. Afisa akasema soksi imefanya kazi, hilo halikatai, lakini itakuwaje ofisi imwajiri mtu anayewavua wakwe zake nguo? Mzee Guyo akasema nipewe, kwa ajili ya ng'ombe. Ikabaki kura ya mama mkwe. Nikainamisha kichwa nikahesabu vidole vyangu vya miguu. Zawadi akasimama katikati yetu tayari kupokea maneno anipitishie, kama kawaida, na mama mkwe akamsogeza pembeni kwa mkono mmoja.

“Fundi,” akaniambia mimi, mimi mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu nimuoe mtoto wake. “Ile mikono uliiacha kwa nini?”

“Mama, muda... muda ulikuwa umekwisha, mama.”

“Basi usiikate. Hiyo ndiyo imemwita rubani.” Akamgeukia afisa. “Kazi apewe. Na mimi nishonewe dera lingine, na vipimo aje achukue mwenyewe nyumbani kwangu, tuone uso atauficha wapi.”

Nilienda. Nilimpima mama mkwe wangu nimefumba macho, huku yeye na Zawadi wakicheka mpaka wakashikilia ukuta, na dera likatoka kubwa mno, mtu wa pili angeingia, naye akalivaa hivyo hivyo kanisani ili kila mtu aulize.

Sasa mimi ndiye mwangalizi wa kiwanja, na nimeapa mkasi wangu haugusi kitambaa tena kabla sijauliza ni cha nani, na mke wangu akisema neno naiacha injini ya kushoto na ya kulia namsikiliza. Soksi rasmi bado haijaletwa, wanasema iko njiani. Kwa hiyo kila asubuhi nikienda kulipandisha lile dera navua kofia kwanza, natazama chini kwa adabu, nasema, “Shikamoo, mama.” Na siku za upepo huniitikia kwa mikono yote miwili.