Fito za Mitungi kwa Nyumba ya Arusi

Kila mahali nilipofanya kazi niliwachosha watu kwa hadithi za nyumba ya mama yangu. Baada ya kidato cha nne nilitoka Isiolo nikaenda Nanyuki, kisha Thika, kisha Mombasa, kisha Thika tena, kwa sababu sijui kukaa mahali bila kutamani nilikotoka. Niliwaeleza wenzangu jinsi wanawake wa Kiborana wanavyopinda fito, wakazifunga kuwa kama kikapu kilichofunikwa, wakaweka mikeka juu. Zaidi ya yote niliwaeleza harufu ya moshi. Nilisema nguo yangu ya shule ilinuka moshi huo mpaka ikachanika.

"Kama ni tamu hivyo, rudi ukanuse," mmoja aliniambia kule Thika. "Sisi tuache tufanye kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kuchanganya plastiki na nyuzi za katani. Plastiki peke yake inalegea, na nyuzi peke yake ni kamba tu. Ukizishikanisha vizuri unapata kitu kigumu kama mti. Upande mmoja wa kiwanda walipanga tabaka la nyuzi, tabaka la plastiki, wakazigandamiza katikati ya vyuma vya moto hadi zikawa ubao. Upande wangu tulikuwa tunavuta. Mafungu ya nyuzi yalipita ndani ya plastiki iliyoyeyuka, yakapenya kwenye tundu la chuma chenye moto, yakatokea ng'ambo yakiwa ufito mmoja mrefu unaoingia kwenye maji kupoa. Ukivuta haraka, plastiki haifiki katikati ya nyuzi. Ukivuta polepole, katani inaungua na kuwa kahawia.

Msimamizi wetu alikuwa akiisifu plastiki ile kana kwamba ameizaa. Kuna aina, alisema, ikishaganda imeganda, ukikosea unatupa. Hii yetu ukikosea unairudisha kwenye moto, inalainika, unaanza upya. "Inasamehe," alisema. Nililipenda neno hilo. Mtu wa kuhamahama hupenda kitu kinachosamehe.

Nikarudi Isiolo na ujuzi huo. Mmeru mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi aliniachia uwanja wa nyuma. Niliunda mashine yangu kwa bomba nene, jiko la makaa na roda ya kisima iliyotupwa. Malighafi ilikuwa imejaa kila kichaka: mitungi ya maji ya plastiki, ya manjano, iliyopasuka. Nilikata, nikaosha, nikaanika katani juani hadi ikakauka kabisa, maana unyevu ukiingia kwenye moto unageuka mvuke na kuacha mashimo ndani ya ufito.

"Unachemsha mitungi," mwenye uwanja alisema siku ya kwanza, akiwa ameziba pua kwa kofia. "Na umesomea hiyo?"

"Nimeifanya miaka mingi."

"Basi chemsha. Lakini upepo ukigeuka, wewe pia ugeuke."

Dada yangu alikuja kunitembelea akiwa na shida. Ana binti mmoja tu, anayeuza simu pale mjini, na binti huyo alikuwa anaolewa. Bwana arusi alikuwa na nyumba ya mabati tayari. Lakini dada alitaka nyumba ya kiasili isimame kwake kijijini Gotu siku ya arusi, ijengwe na wanawake, na moto wa kwanza uwashwe ndani. Fito za mama yetu zilikuwa zimeliwa na mchwa, na wazee wa malisho hawakuruhusu tena mtu kukata miti mibichi karibu na mto.

Nilimpa ufito mmoja. "Hizi mchwa hali."

"Mchwa ana akili," alisema. Akauinamia ufito, akaukunja kwa goti, akauachia. Ulirudi mahali pake. "Utasimama?"

"Utasimama kuliko mimi."

"Hiyo si kitu," alisema. "Sikiliza, ndugu yangu. Wale wa upande wa bwana arusi wakiona nyumba imelala, hawatauliza nani alitengeneza fito. Watasema mama wa msichana hajui kujenga. Mtoto wangu ataingia kwao na neno hilo."

Nikamhakikishia. Nilikuwa na uhakika mwingi wakati huo.

Siku ya kujenga, wanawake walizitazama fito za manjano wakacheka hadi wakakaa chini. Nilizilainisha kwenye maji ya moto ndani ya pipa lililokatwa, tukazipinda kwenye vigingi, zikapoa na kubaki na mviringo uleule. Wanawake wakazifunga, wakafunika kwa mikeka, na manjano hayakuonekana tena. Kwa kweli ilikuwa nyumba ya mama. Niliingia nikakaa peke yangu, nikahisi kitu kimepungua, sikujua nini.

Nilijua siku iliyofuata, dada alipowasha moto katikati.

Nilikuwa nimeukumbuka moshi wa nyumba ile katika miji mitatu. Moto unaotoa moshi huo sikuufikiria hata mara moja.

Ndani walikaa wanawake wa pande zote mbili, na mbele yao akko, yaani bibi, wa bwana arusi, mwanamke mzee asiyekosa kitu kwa macho. Buna, punje za kahawa, zilikuwa zinakaangwa kwenye samli ili zitiwe maziwa. Mimi nilikuwa mlangoni kama mjomba. Joto lilipanda juu, na paa likaanza kushuka, polepole, bila sauti, kama mtu anayesinzia akiwa ameketi. Wanawake walikunywa wakiwa wameinamisha vichwa, kisha wameviinamisha zaidi. Harufu ya mtungi ilichanganyika na ya buna.

Dada alinijia mlangoni. "Inafanya nini?"

"Inalainika. Zima moto, itapoa, itakaza."

"Kuzima moto wa kwanza wa binti yangu?" Hakupaza sauti. "Afadhali ituangukie."

Bibi arusi alikuwa ametusikia. Alisimama, yaani alisimama kadiri paa lilivyoruhusu.

"Abuya," aliniita, neno letu la mjomba, "kigae kiko wapi?"

Nilimletea kigae cha chungu. Alichota makaa yote, akayafunika kwa majivu jinsi bibi zetu walivyofanya wakihama, akapita nayo mbele ya wageni hadi nje, akaweka jiwe upande huu na upande ule, akapuliza. Moto ukawaka tena pale mbele ya mlango. Wanawake wote walimtazama akko.

Mama yule alipapasa paa lililokuwa karibu na kilemba chake. Akajikokota nje, akakaa karibu na moto.

"Moto umehama," alisema. "Haukuzimwa. Leteni buna." Kisha akamgeukia dada yangu. "Msichana wako anajua kubeba moto. Mjomba wake sijui anajua nini."

Dada alicheka kwanza. Ndipo wengine wote wakacheka, nami nikacheka, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine.

Paa lilipoa na kubaki vile lilivyoinama. Nyumba ilimaliza arusi ikiwa imesimama, kwa namna yake. Walipoibomoa, nilianza kukusanya fito zangu nizirudishe mjini, nikimweleza dada kwamba hazijaharibika, zinaweza kunyooshwa upya.

"Usinyooshe," alisema. "Zipinde zaidi. Nataka kibanda cha wanambuzi, kifupi."

"Jua je?"

"Kitakuwa chini ya mti." Alinirushia kamba nianze kufunga. "Na mbuzi hawakaangi buna."