Robo Kilo ya Sweta

Siku yangu ya kwanza kazini ilitokana na wizi. Mchungaji Msimamizi wa misheni, mzungu mrefu aliyeinama kuingia karibu kila mlango wa Kawangware, alikuwa amenunua viazi kwangu sokoni mara mbili, na mara zote mbili alivipima tena nyumbani kwake.

"Mzani wako una kasoro," akaniambia.

"Hauna kasoro, Mchungaji. Uko vile ninavyoutaka."

Nilidhani ataniitia askari. Badala yake akaniuliza kama naweza kumtambua mtu mwingine mwenye tabia kama yangu. Nikamwambia namtambua akiwa bado njiani. Jumatatu iliyofuata nikawa mpima watoto katika kliniki ya misheni, Kibera, upande wa Kisumu Ndogo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na watoto wanne wangu mwenyewe na sikuwahi kumpima hata mmoja.

Nieleze kazi yenyewe, maana siku hizi mizani inaandika namba bila kusaidiwa. Wetu ulikuwa wa kuning'inia: sahani ya chuma yenye mshale mmoja, imefungwa kwenye boriti ya kanisa la mabati, na chini yake suruali ya kitambaa yenye matundu mawili ya miguu. Mtoto anavishwa suruali hiyo, anatundikwa, analia, na wewe unangoja mshale utulie. Mimi nilimpima kila mtoto mara mbili, hata foleni ikifika kwenye kioski cha maji. Uzito unatiwa nukta kwenye kadi ya ukuaji, na kadi ina mstari mwekundu. Nukta ikiwa juu kabisa, mama anaenda nyumbani. Ikikaribia mstari, anapewa unga wa uji. Ikianguka chini ya mstari, mtoto anapandishwa Landrova siku hiyo hiyo hadi wodi ya misheni Kawangware, yenye vitanda kumi na viwili, na mama anabaki. Kwa ajili ya usafi, wodi ilikuwa na sheria kwamba mama amwone mtoto Jumapili tu, baada ya ibada.

Sheria hiyo ilikuwa ya Sista Mkuu, muuguzi aliyetusimamia. Alijifunza Kiswahili kwa kitabu kabla ya kuvuka bahari, kwa hiyo aliwaambia watu wa Kibera "shikamoo" na wao wakageuka kutazama anasalimia nani. Lakini alijua kazi. Nilimwona akimnywesha mtoto uji kwa kijiko cha chai, tone kwa tone, mpaka uji ukapoa, na bado hakumpa mwingine kijiko.

Nami kazi yangu niliifanya. Nilijua akina mama wanataka unga, kwa hiyo nilikuwa macho kwa hila zao za kumfanya mtoto aonekane mwepesi. Niliwanasa waliomwinua mtoto kwa kidole. Niliwanasa walioazima mtoto mwembamba wa jirani.

"Huyu wiki jana alikuwa msichana," nilimwambia mama mmoja wa Mashimoni.

"Amekua, Mzee wa Kilo," akanijibu, na foleni nzima ikacheka.

Jina hilo la Mzee wa Kilo nililipenda kuliko inavyofaa.

Basi kulikuwa na muuza omena, dagaa wa ziwani, meza yake hatua chache kutoka kanisani. Mume wake alibaki ziwani akivua. Watu walimwita Mama Awino, na mtoto aliyembeba aliitwa Ouma. Sikuuliza Awino ni nani.

Sheria ilitaka mtoto apimwe bila nguo. Lakini Julai ya Nairobi mnaijua.

"Mzee wa Kilo, baridi hii unataka kuniulia mtoto?"

"Sheria ni ya Sista."

"Sista ana koti. Mpime na sweta, halafu utoe nusu kilo."

"Robo."

"Haya, robo."

Nikajiona mjanja. Mwanamke huyo alikuwa akibishania bei ya omena mpaka samaki wa mwisho, na hapa alikubali neno langu la kwanza. Sokoni ningeshtuka. Pale niliandika tu. Waliokuwa nyuma yake walisikia, na kufikia saa nne robo kilo ya sweta ilikuwa bei ya kliniki nzima.

Wiki zilizofuata nukta ya Ouma ilipanda. Nyingine nyingi zikapanda. Sista aliandika barua kwa makanisa ya kwao kwamba watoto wa Kisumu Ndogo wananenepa katikati ya baridi, akatusomea kwa Kiswahili, tukaimba.

Mwishoni mwa Agosti Ouma alitapika akiwa bado ananing'inia. Sista akamtoa, akamvua sweta, akaitupa kwenye karai la bati.

Ikalia kama spana.

Sista akaiokota, akapapasa pindo, akakata uzi. Ndani, vimeshonwa kimoja kimoja, vilikuwa vyuma vidogo vya kuzamishia wavu wa samaki. Nilivihesabu, kumi na vinane. Nikarudia, kumi na vinane. Kisha nikamtazama Ouma. Sikuwa najua kwamba ngozi ya mtoto inaweza kuwa kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Tulipomtundika tena mshale ulitulia mbali kabla ya kufika kwenye namba ya mstari mwekundu.

"Kwa nini, mama?" Sista akauliza.

"Muulizeni Awino."

"Awino ni nani?"

"Wangu wa kwanza. Mlimpeleka Kawangware Jumatatu. Nilipofika Jumapili, kitanda chake kilikuwa na mtoto mwingine."

Niliona Sista akikumbuka. "Tulituma ujumbe," akasema polepole.

"Haukufika."

Nikawaambia wote wawavue watoto nguo. Walikuwa thelathini na tisa kwenye mabenchi. Sita, mbali na Ouma, walikuwa na kitu: nati za baiskeli, betri za tochi, kokoto. Mmoja alikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa mama yake. Bila vitu hivyo, wote sita walikuwa chini ya mstari. Miezi miwili nilikuwa nimetia nukta za vyuma kwenye kadi, kila moja nimeihakikisha mara mbili.

"Nani aliruhusu sweta?" Sista akauliza.

"Mimi. Tulipatana."

"Mlipatana," akarudia, kama neno ambalo kitabu chake hakikuwa nalo.

Landrova ilikuwa inanguruma nje. Mama Awino alimkumbatia Ouma akasema hatamwachia mtu. Aende naye au mtoto afie mikononi mwake. Sista akaanza, "Sheria ya wodi..." na mimi, kwa mara ya kwanza maishani, nikampigania mteja bei.

"Sista, vitanda ni kumi na viwili. Lakini wodi ina sakafu, na sakafu haina mtu."

Akalisukuma lile karai kando kwa mguu.

"Ingia, mama," akasema. "Ingieni wote."

Siku hiyo akina mama saba walilala kwenye sakafu ya wodi, na sheria ya Jumapili haikutajwa tena. Kila asubuhi nilikwenda kupima. Siku tisa Ouma hakuongeza hata kidogo. Ya kumi mshale ukasogea; nikampima tena kwa hofu, ukasimama kwenye namba ile ile mpya. Kati ya wale saba, watano walirudi Kibera. Wawili walifariki, mama zao wamewashika. Hao wawili ni wa sweta niliyoiruhusu, na hakuna Mchungaji aliyeweza kunipunguzia uzito huo.

Asubuhi ya Ouma kwenda nyumbani kulikuwa na baridi tena. Nikamwambia Mama Awino amwache na sweta, nitatoa robo.

"Leo hatupatani," akasema, akamvua kila kitu. "Pima. Halafu pima tena."

Niliomba vile vyuma. Akakataa, wavu wa mume wake ulikuwa unavingoja. Akanipa kimoja, kumi na saba vikarudi ziwani.

Siku ya kustaafu nilisifiwa kwa kupima kila mtoto mara mbili. Nilitabasamu. Nilikuwa naijua kila hila ya mtu anayetaka kitu. Ya mtu anayeogopa sikuwa nimeisomea, na nilijifunza kwa watoto wa watu. Wapima vijana wanaponitembelea huwa nawapa kile chuma wakishike, kisha nawauliza: mama aliye mbele yako leo, anaogopa namba ipi? Wengi hutazama chuma. Mmoja tu alinijibu kwamba atamuuliza.