Mwalimu Asnath na Faini ya Chaki

Haya yote ni kweli tupu. Mwandishi ameyaona kwa macho yake mawili, hata lile lenye mtoto wa jicho, na anayebisha aende Tabora mjini, nyuma ya duka la vitambaa la Bibi Gulzar, akaulize.

Saa moja asubuhi, Jumamosi, Mwalimu Asnath Kasubi anafuta ubao kwa kipande cha kanga kuukuu. Wanafunzi wanane wamekwisha kujipanga kwenye mabenchi. Wanamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba bila kugeuka, kisha anaandika swali: treni inatoka Tura saa mbili asubuhi, inakwenda kilomita arobaini kwa saa, safari ni kilomita mia na ishirini. Itafika Tabora saa ngapi?

Darasa zima linamgeukia Minza na kucheka.

Minza Silasi, mwenye miaka kumi na mitatu, anajua wanachokicheka. Mwezi Oktoba alifanya mtihani wa kujiunga na kidato cha kwanza katika shule moja binafsi ya bweni, ambayo kila mwaka humsomesha bure msichana mmoja tu, yule aliyeongoza. Swali kama hili lilikuwamo. Jibu lake ni saa tano. Minza aliandika saa tano na nusu, akaikosa nafasi kwa alama mbili. Bahati yake, aliyeongoza amepata shule nyingine huko Dodoma. Mtihani unarudiwa Jumatatu, na baada ya huo hakuna mwingine.

"Lakini Mwalimu, reli ni moja," anasema Minza, taratibu. "Ya abiria, hata saa mbili ikifika, lazima isimame kwanza pale Tura ipishane na ya mizigo. Mama humalizia karanga zake hapo hapo."

Mama yake huuza karanga za kuchemsha stesheni ya Tura. Nusu saa ile aliyoiongeza mtoto ndiyo inayowalisha nyumbani.

Asnath anasema siku aliyolisikia jibu hilo kwa mara ya kwanza alicheka hadi akavua miwani, halafu kicheko kikamkauka. Naye ni mzaliwa wa Tura. Baba yake, mzee Dionis, ndiye aliyekuwa akiinua bendera ya kijani pale stesheni, enzi za magari ya moshi, na mara mojamoja alimwachia binti yake aishike. Mpaka leo honi ikilia mbali humfanya anyooshe mkono.

"Ningekuwa mimi ningeandika saa sita," anasema. "Hilo ni jibu la mtu anayeijua reli. Shida ni kwamba mtihani hauijui."

Amefundisha shule za msingi za serikali miaka thelathini na minne, kumi kati ya hiyo akiwa Isikizya. Alipostaafu, miaka mitatu iliyopita, alijaribu kukaa nyumbani akashindwa wiki ya pili. Tuisheni yake ni shilingi elfu ishirini kwa mwezi. Wanaolipa ni watano, wengine huleta walichonacho, ndiyo maana darasa zima linanukia karanga. Chumba ni stoo ya zamani ya Bibi Gulzar, ambaye hadai kodi kwa kuwa mwanawe Huzefa alifundishwa na Asnath kugawanya, baada ya walimu watatu kukata tamaa.

"Zamani mtihani ulikuwa mmoja," Asnath anakumbuka. "Kipande cha reli kinagongwa, mnaingia, mnatoka, mnakwenda kuwinda ndege. Siku hizi mtoto ana mtihani kwa kila shule, na mzazi ana jasho kwa kila mtihani."

Kuna sheria moja darasani: anayetaja namba bila kuonyesha njia ya kuipata, ananunua boksi la chaki. Haibagui. Wazazi wamelipa. Bibi Gulzar amelipa mara mbili, kwa kupunguza umri wake mbele ya watoto.

Hesabu zenyewe Asnath huzitoa katika njia ya zamani ya misafara, iliyopita hapa ikielekea pwani: mizigo, siku, vibaba vya mtama. Babu mzaa baba yake alikuwa mpagazi, mtu wa ajabu, aliyebeba pembe ya ndovu ya frasila mbili, zaidi ya kilo thelathini, kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kilomita mia nane na arobaini, kwa siku kumi na mbili.

Jumatatu Minza alifanya mtihani. Alipotoka, Asnath alikuwa amesimama getini tangu asubuhi, na hakuthubutu kuuliza. Ikabidi mtoto aanze mwenyewe.

"Safari hii lilikuwa basi, Mwalimu. Nikalinyima hata kusimama abiria wachimbe dawa."

Baada ya siku tisa barua ikaja. Minza ameongoza. Asnath aliisoma, akaisoma tena, akaenda kufuta ubao uliokuwa hauna kitu.

Mpango wake sasa ni kwenda Tura kila Jumapili, aanzishe darasa kule kule, watoto wasilazimike kuomba malazi kwa shangazi mjini kama alivyofanya Minza.

Alikubali haya yachapishwe kwa sharti moja: yasomwe kwanza mbele ya darasa. Mwandishi akasoma kwa madaha. Alipofika kwa yule mpagazi, Minza akanyoosha kidole.

"Mia nane na arobaini kwa siku kumi na mbili ni sabini kwa siku. Mwenye mzigo hutembea kilomita nne kwa saa. Ni saa kumi na saba na nusu, kila siku." Akamtazama mwalimu wake. "Na hapo sijaweka kusimama."

"Weka," Asnath akamwambia. "Huu si mtihani."

Minza akaweka kula, kuvuka mito, kulala. Siku ya mpagazi ikafika saa thelathini. Asnath akasema yeye alimweleza mwandishi kwamba babu alifika pwani akarudi, basi, siku hakuzitaja. Mwandishi akajitetea kwamba Wanyamwezi wa zamani walikuwa na miguu, lakini darasa lilikwisha kuanza kuimba, "Chaki! Chaki!"

Boksi alilolinunua ndilo la kwanza katika mkoba wa Tura. Zile siku kumi na mbili zimeachwa hapo juu kama zilivyo, kwa amri ya Mwalimu: ndilo swali la kwanza watakalokutana nalo watoto wa kule.