Kitambaa Chekundu Shingoni mwa Chupa

Jina lake la kwenye karatasi lilibaki katika jalada la hospitali siku aliyostaafu. Mtaani ni Bibi Fundo, na jina hilo analiitikia kifua mbele. Ni binti wa fundi viatu ambaye hakumkabidhi mteja kiatu kabla ya kuingiza mkono na kupapasa kama kuna msumari uliochomoza. Ni mjukuu wa mkunga aliyechemsha wembe wake hata kuni zikiwa mbichi na mzazi anapiga mayowe. Yeye mwenyewe alipiga deki wodi ya watoto miaka thelathini na mmoja. Alilea wanne, na hakuna hata mmoja wao mwenye kovu la moto. Kwake sufuria ikikaa jikoni, mpini wake huelekea ukutani. Viberiti viko juu, kisu kiko juu, na vidonge vyake vya presha vimo ndani ya kopo lenye kifuniko kigumu ambacho hata yeye hukifungua kwa kusonya.

Ufundi wa fundo alirithishwa kazini. Mfagizi aliyemtangulia alimfundisha kufunga kitambaa chekundu, mafundo mawili, kwenye shingo ya kila chupa isiyonywewa. "Macho hudanganyika, mwanangu," alimwambia. "Vidole vikigusa fundo, mkono unasimama kabla haujafika mdomoni."

Wodini humo alimwona mtoto wa miaka mitatu aliyekunywa dawa ya madoa kutoka kwenye chupa ya juisi. Wiki kumi na moja Bibi Fundo alipiga deki kukizunguka kitanda kile. Mtoto alikuwa akilishwa kwa mpira, na akiona mtu anakunywa chai alikuwa anafungua mdomo. Mambo mengine ya kazi ile ameyasahau. Mdomo ule hajausahau.

Sasa fikiria alivyojisikia siku alipotoka kuanua nguo akakuta sebuleni kwa mwanawe chupa arobaini za maji ya kunywa zimepangwa chini ukutani, zimejazwa dawa ya madoa.

Anaishi na mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, pamoja na mke wa mwanawe na mjukuu mmoja wa kike wa miaka miwili na nusu. Mjukuu huyo anaitwa Kasuku, kwa sababu kila afanyacho mtu naye hufanya. Mkamwana alikuwa ameanza biashara. Alinunua dawa ya madoa kwenye madumu, akaipunguza makali kwa maji, kisha akaijaza kwenye chupa tupu alizookotewa kwenye kumbi za sherehe.

"Hizi ni chupa za maji," Bibi Fundo alisema.

"Zilikuwa, mama. Sasa ni za dawa."

"Nani amezijulisha? Chupa inajua? Kasuku anajua?"

"Mama naye! Nimezikaza vizibo vizuri."

"Huyo mwanao jana amefungua kopo la mafuta ya kujipaka kwa meno!"

Mwanawe aliyekuwa anavua viatu mlangoni akacheka. "Mama, hapa si wodini. Umestaafu, pumzika. Hata wagonjwa wenyewe walishapona wakaenda zao."

Bibi Fundo akamtazama mwanawe. Huyo anayecheka ndiye aliyekuwa akitambaa kuelekea kila shimo la umeme, na yeye ndiye aliyeyaziba mashimo hayo kwa mbao. Mtu hukumbuka alivyoanguka. Alivyozuiwa asianguke, nani anakumbuka?

Alidai mambo mawili: chupa za vinywaji zisitumike kabisa, na dawa ikae juu, kwenye kabati la kufuli. Mkamwana alilalamika kwamba vyombo vipya vitamchelewesha, na kabati limejaa shuka. Wakavutana siku tatu, wakaonana kwa pembe za macho. Mwishowe wakapatana: chupa zibaki, lakini kila moja ifungwe kitambaa chekundu. Bibi Fundo akalichanachana gauni lake la zamani, akafunga mafundo themanini. Kila fundo lilipokaza, moyo ulimwambia kwamba amekubali nusu mahali palipohitaji nzima. Hilo hajajisamehe hadi leo.

Chupa zile zilikwenda, nyingine zikaja. Kisha mwenye saluni ya jirani, mteja wa chupa sita kwa mpigo, akaja juu. Alisema wanaokuja kusukwa wanaviona vitambaa vyekundu wanaanza kunong'onezana.

"Wanadhani nimekwenda kwa mganga nivute wateja," alisema. "Shoga yangu, niondolee hirizi zako."

Mkamwana akaogopa kumpoteza. Asubuhi moja, Bibi Fundo akiwa uani, alichukua chupa sita, akakata vitambaa, akazifuta zikang'aa, akaziweka mezani karibu na mlango ili zije kuchukuliwa. Zilikuwa nyeupe pe, kama maji ya kisima.

Saa sita mchana fundi akarudi kutoka karakana, koo limekauka kwa moto wa vyuma. Pua yake ilishazoea moshi kiasi kwamba hata chakula kikiungua ni lazima aambiwe. Aliona maji mezani. Akazungusha kizibo, akainua chupa, akagugumia.

Funda la kwanza lilipita. La pili alilitema ukutani, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu. Mkewe akaja mbio, jirani wa chumba cha pili akaja mbio, mwenye saluni aliyekuwa anafuata mzigo wake naye akaingia.

"Mtapisheni! Mwingizieni vidole!"

"Mpeni mafuta ya kula, yatateleza!"

"Maji ya chumvi, haraka!"

"Asitapishwe!" Bibi Fundo alinguruma kutoka mlango wa uani. Jirani aliyekuwa amekwisha kunja vidole akavirudisha kama aliyegusa pasi. "Iliunguza ikishuka, itaunguza tena ikipanda. Asukutue kwa maji safi, ateme. Mafuta wekeni kando, chumvi wekeni kando. Tafuteni gari!"

Wote walikuwa wanamtazama fundi. Hakuna aliyeitazama chupa. Ilikuwa imewekwa sakafuni, haina kizibo, na nusu ya dawa bado imo. Kasuku alichuchumaa mbele yake, akaikumbatia kwa mikono miwili kama alivyomwona baba yake akifanya, akaanza kuiinua.

Magoti ya Bibi Fundo yana miaka sitini na tisa, na ngazi tatu za uani humchukua dakika nzima. Siku hiyo hakujua alivyofika. Aliikamata chupa ikiwa imegusa kidevu cha mtoto. Dawa ikammwagikia yeye mkononi, Kasuku akaangua kilio cha kunyang'anywa.

Bibi Fundo akamwosha mtoto kidevu kwa maji mengi, akamwagia na mkono wake, akakaza kizibo, kisha akamtupia mkamwana chupa ile. "Ibebe. Watakuuliza amekunywa nini, usiwaambie maji."

Hospitalini fundi alilazwa siku mbili. Bahati yake dawa ilikuwa imechanganywa na maji, na funda lililoshuka ni moja tu. Koo liliungua, sauti ikapotea, lakini alimeza uji bila mpira.

Siku ya kuruhusiwa, mkamwana aliingia nyumbani akitangaza kama tarumbeta. "Mama! Daktari amesema dawa yoyote isitiwe kwenye chupa ya kinywaji. Hata siku moja! Na ikae juu, pafungwe kwa kufuli. Tena amesema mtu akinywa asitapishwe!"

"Daktari amesema," Bibi Fundo akarudia polepole.

"Ndiyo, mama, kwa mdomo wake!"

"Na mimi nilisema kwa nini? Kwa kisigino?"

Mkamwana akautua mzigo wa hospitali sakafuni.

"Miaka thelathini na mmoja nimesimama nyuma ya madaktari na ndoo yangu. Wao waliingia wakatoka, mimi nilibaki na watoto. Neno likitoka kwenye koti jeupe ni amri. Likitoka kwenye fagio, ni kelele za mzee. Mngekuwa na koti la kunivalisha, ningelivaa siku ile ile!"

Mkamwana akapiga magoti, machozi yakamdondoka mkekani. "Nisamehe, mama. Nilikata mafundo kwa mkono wangu."

"Nami niliyafunga kwa wangu, badala ya kuzimwaga zote. Inuka."

Fundi alifungua mdomo aseme jambo. Kikatoka kitu kama mlango usiotiwa grisi. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuweza kubishana na mama yake.

Bibi Fundo aliingia chumbani, akatoka na gunia tupu. Chupa zilizobaki nyumbani alikuwa amekwisha kuziondoa, na kabatini shuka zilikuwa zimepisha madumu ya dawa. Lakini mtaani, katika nyumba za watu, chini ya meza zao na karibu na mitungi yao, kwa hesabu ya mauzo ya mkamwana zilikuwapo bado chupa thelathini na nne, na kila nyumba ilikuwa na Kasuku wake.

"Mimi magoti yamekwisha, yaliyobaki niliyatumia juzi," alimwambia mwanawe, akamwekea gunia mapajani. "Mtapita nyumba kwa nyumba. Wewe utagonga na kubeba, mkeo ataongea. Nataka chupa zote thelathini na nne hapa, nizihesabu mwenyewe. Wakiwacheka, fungua mdomo wasikie sauti yako."

Fundi akasimama, akalitupia gunia begani. Mkewe akafunga kanga upya, akatangulia mlangoni.

"Anzeni na mwenye saluni," Bibi Fundo akasema. "Mwambieni hirizi nimeiondoa. Sasa naitaka chupa."