Mikono Iliyomtuliza Nasra

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, tena mchana kweupe. Ukitaka kuniita mwongo niite, ila nisikilize kwanza. Wallahi siongezi chumvi.

Nauza nguo za watoto Kariakoo, na mzigo nachukua China, Guangzhou, soko la Shahe. Safari ile nilikwenda na mwanangu Nasra, ana miaka mitatu, kwa sababu mama yangu anayenilelea mtoto alikuwa anaumwa. Nikasema afadhali, atanivalia sampuli. Sisi ndivyo tufanyavyo: unamvika mtoto nguo, unampiga picha, unaitupia kwenye grupu la wateja, wakiipenda ndiyo unachukua mzigo.

Kuna laoban mmoja, ndivyo tunavyowaita wenye maduka kule, mama wa makamo, tumezoeana. Alikuwa na magauni meupe ya kizamani, kola pana ya lesi, vifungo mgongoni. Mtindo kautoa kwenye picha kuukuu za studio, za enzi za mababu wa mababu, alizozitundika kwenye chumba cha juu anakopigia picha bidhaa. Watoto wamekaa wima, macho makavu. Nyuma ya kila mtoto kuna kitu kama kiti kilichofunikwa shuka nzito. Nikauliza ni nini. Akanieleza kwamba zamani picha ilichukua muda na mtoto hakutakiwa kutikisika, basi mama mtu alijifunika shuka, akakaa nyuma kumshikilia.

Nikamwomba nimvike Nasra mle mle. "Bu xing," akasema, yaani haiwezekani, akanisogezea sanamu ya plastiki. Nikamwona ana maringo. Mteja gani wa Kariakoo atavutiwa na nguo iliyovalishwa plastiki?

Shahe hufungwa mapema, jua bado kali. Laoban aliposhuka kufunga duka, nikamvika mwanangu haraka haraka, nikamkalisha kwenye stuli.

Nasra unamjua? Yule mtoto hatulii hata akiwa usingizini. Lakini pale alinyamaza, akanyooka, akaitazama simu bila kupepesa. Nikafurahi, mpumbavu mimi. Nikapiga, nikatuma.

Mteja wangu mmoja, Mama Zuhura, akajibu hapo hapo: "Shoga, gauni nimelipenda. Ila huyo aliyejifunika nyuma ya mtoto ni nani?"

Nikaitazama picha. Stuli ile haina mgongo, niamini. Kwenye picha, nyuma ya Nasra palikuwa na shuka nzito yenye umbo la kichwa na mabega. Nikainua macho: mtoto yuko peke yake, shuka hakuna. Ila gauni lilikuwa limebonyea kiunoni, huku na huku, alama za vidole zinaonekana.

"Nasra, njoo kwa mama."

"Mama kasema nisitikisike," akajibu, midomo haifunguki vizuri.

Nikamrukia. Namvuta, haji. Umewahi kumpokonya mtoto mtu asiyetaka kumtoa? Ndivyo ilivyokuwa. Nilisoma kila aya niliyoijua, nikazichanganya zote. Laoban alisikia kilio changu akapanda mbio, na hakuuliza kitu. Kumbe alikuwa anajua. Akalichana gauni mgongoni, vifungo vikatawanyika, na Nasra akaniangukia kifuani. Gauni halikuanguka. Lilibaki wima juu ya stuli, halafu likaanza kukunjwa, taratibu, kwa upole, na mtu nisiyemwona.

Tulirudi Dar wiki ile ile, mzigo sikuchukua. Nasra kasomewa na mashehe, anakula, anacheza. Majirani wananisifu kwamba siku hizi ana adabu, katulia. Mimi naingia chooni nalia. Maana nikimwita, haji papo hapo. Anageuka kwanza, anatazama nyuma yake, anasubiri, ndipo anakuja.

Kwa hiyo wewe mwenye mtoto mdogo, ukimwona ametulia ghafla mbele ya kamera, usishukuru. Weka simu chini, umbebe. Na mwenyeji akikwambia hapa usimkalishe mtoto, usimkaidi kama nilivyokaidi mimi.

Jana jioni nilimwita aje kula. Aligeuka, akatazama nyuma, akasubiri. Kisha akarudi kukaa, akaniambia, "Amekataa."