Mshono wa Gauni Jeusi

Shangazi yangu ni fundi cherehani, na ana kisukari. Kiunoni huvaa kifaa kidogo kinachompa insulini, lakini hapendi watu wakione. Siku tuliyosafiri kwenda kumzika dada yake, alikuwa amekishonea mfuko wa siri kwenye mshono wa ubavuni wa gauni, akaufunga mdomo wake kwa uzi kabisa ili kisidondoke.

Kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege, askari wa kike alimpapasa akasita.

"Mama, nini hiki?"

"Kifaa cha dawa yangu, mwanangu. Kinaharibika kikipita kwenye mashine."

"Sawa, nitakikagua kwa mkono. Lakini lazima nikione."

Mkasi hatukuwa nao, hauruhusiwi. Abiria wa ndege yetu walikuwa wanaitwa kwa mara ya mwisho.

Shangazi alicheka kidogo, cheko kavu. "Mficha uchi hazai," alisema, akaushika mshono wake kwa mikono miwili akauchana. Mimi nilitoa macho. Nguo ya mtu yeyote ikichanika, Shangazi huumwa kama imechanika ngozi yake mwenyewe.

Askari alikigeuza kifaa polepole. "Pita, mama. Pole kwa msiba."

Mazishini kila mtu aliuona ule mpasuko, na kifaa kikining'inia. Shangazi hakukifunika. Alikuwa anamlilia dada yake.